Uzi Mwekundu Kwenye Mpera

Mimi nauza nyuzi, vifungo na zipu, na kwa miaka kumi na saba ukuta wangu wa nyuma ndio ukuta wa Fundi. Ni ukuta mwembamba. Cherehani yake naisikia kuliko ninavyomsikia mke wangu, na mke wangu mwenyewe hunisuta kwa hilo. Ikikimbia bila kusimama, najua anashona marinda ya sare za shule. Ikienda ikisita, ni kola. Lakini mwaka ninaousimulia ilikuwa inasimama katikati ya mshono ulionyooka, mahali pasipo na kola wala mfuko, na ilinichukua wiki nzima kuelewa kwamba mtu alikuwa anasinzia na mguu wake ungali juu ya pedali.

Fundi ana miaka hamsini na kitu. Ni mrefu, mgongo umepinda kwa kazi, na futi ya kupimia haimtoki shingoni hata kwenye mazishi. Aliwahi kuwa na mke, wakaachana, na hilo tuliache hapo. Aliyebaki naye ni mama yake, ambaye mtaa mzima tulimwita Bi Mkasi.

Wasiojua ushonaji niwaeleze kidogo. Kabla kitambaa hakijapita kwenye cherehani, hupigwa bandi, yaani mshono wa mkono, mrefu mrefu, wa kukishikiza tu kisiteleze. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Bi Mkasi. Alipiga bandi kwa uzi mwekundu kwenye kitambaa cha rangi yoyote ili uonekane vizuri. Mwanawe akishapitisha cherehani, nguo ilirudi kwa mama. Alikaa nayo kwenye kiti chake uani, chini ya mpera wake, akautoa uzi mwekundu wote kwa mkasi mdogo, akauviringa kidoleni, akaikunja nguo. Nguo yenye uzi mwekundu haikuvuka mlango wa nyumba ile. Nimemwona kwa macho yangu akimvua bwana harusi koti barazani, wenzake wakimngoja kwenye gari, kwa sababu ya uzi mmoja kwapani.

Miaka mitatu iliyopita akili ikaanza kumtoka. Kwanza alisahau majina ya wateja, na hilo hatukulijali, kwani hata mimi nayasahau. Kisha akasahau kama amekula. Kisha siku moja Fundi alimpelekea uji, akapokea bakuli kwa adabu zote, akamwambia, "Ahsante, mteja. Kaa hapo, fundi anakuja."

Tangu siku hiyo Fundi akawa mteja nyumbani kwake mwenyewe. Alimwogesha kama mteja, akamlisha kama mteja. Alifua mashuka kabla ya jua kuchomoza na kuanza kazi hali mikono bado ina harufu ya sabuni. Mara mbili mama alitoka akapotea, mara ya pili tukampata ng'ambo ya soko akiwa amekaa kwenye duka la vitambaa, anakagua mapindo ya nguo zilizotundikwa na kutikisa kichwa. Kisha Fundi akajishona kidole. Sindano ilipita kwenye kucha ikatokea upande wa pili, na nilipokimbilia kule nilimkuta ameketi, anakitazama kidole kama cha mtu mwingine.

"Nimempigia dada," akaniambia. "Nimemwambia aje amchukue Mama. Mwisho wa mwezi ujao."

"Umefanya vizuri," nikasema.

"Usiniambie nimefanya vizuri, jirani. Funga tu hicho kidole."

Dada yake anakaa mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Ana nyumba yenye nafasi na mabinti wawili wakubwa waliokubali kusaidia. Jambo lilikuwa sawa kwa kila aliyelitazama, isipokuwa Fundi mwenyewe, aliyeliona ni kumtupa mama yake. Hakulisema hivyo. Alichosema ni kwamba, kabla hajaondoka, Mama lazima ale pera la mti wake.

Nilimwelewa. Bi Mkasi alikuwa ameacha kula karibu kila kitu. Alionja, akageuza uso. Lakini kila asubuhi akiwekwa kwenye kiti aliuliza swali moja tu, "Pera langu limeiva?" Mpera ule aliupanda yeye mwaka walipofungua chumba cha kushonea. Fundi alimnunulia mapera sokoni, makubwa, mazuri kuliko ya uani. Mama alilinusa moja akalirudisha. "Hili si langu," akasema, na hakuna aliyeweza kumdanganya.

Shida ilikuwa ndege. Kuna wale wadogo wa kijivu, wenye kishungi kichwani na mkia mrefu, wanaotembea kundi zima pamoja. Mimi nawaita wakaguzi, kwa kuwa hawali tunda likaisha. Wanadonoa hili, wanadonoa lile, wanaondoka zao kama watu waliokuja kuandika ripoti. Enzi zake Bi Mkasi aliketi pale pale na kuwafukuza kwa maneno, na yaliyobaki yalimtosha. Sasa hakuwafukuza. Alizungumza nao.

Mteja mmoja alishauri sumu, wengine wakataja ulimbo wa kuwanasia wale ndege, wapate somo. Fundi alikata kitambaa mpaka mwisho ndipo akajibu. "Mama anakaa chini ya mti huo huo. Na hao ndege ndio anaoongea nao mchana kutwa. Nimuue mtu anayemsikiliza mama yangu?"

Ushauri wa neti ulikuwa wangu, na naukiri. Nilikuwa nayo moja stoo, ya matundu mapana, nikaipeleka kwa mbwembwe, tukaitupa juu ya mti ikaning'inia ovyo. Kesho yake asubuhi ndege mmoja alikuwa amenasa, bawa limepita kwenye tundu, shingo imezungukwa na uzi, anapigapiga mpaka manyoya yanamwagika. Fundi alipanda juu ya ndoo akajaribu kumtoa, na kadiri alivyovuta ndivyo uzi ulivyokaza.

"Toka," sauti ikasema nyuma yetu.

Bi Mkasi alikuwa amesimama. Peke yake, bila kushikwa. Alikuwa na mkasi wake mdogo mkononi. Tulimshusha yule ndege na kipande chote cha neti, tukamwekea mapajani. Mkono wake wa kushoto ukamfunika kichwa akatulia, na wa kulia ukakata uzi mmoja, ukangoja, ukakata mwingine, bila kugusa unyoya. Alipomaliza akafungua kiganja. Ndege alikaa pale kidogo, akaruka mpaka ukutani, kisha akaenda zake.

"Mshono mbaya," Bi Mkasi akasema, akimaanisha neti yangu.

Niliichoma siku hiyo hiyo. Kisha nikaenda kwa muuza mbegu wa barabara ya pili, mtu anayejua mambo lakini humfanya kila mtu ajione mjinga, na akanifanya nijione mjinga. Neti ya mti, akasema, kama kidole chako kinapita, kichwa cha ndege kinapita. Iwe na matundu madogo sana, iwe nyeupe waione, ivutwe ikaze juu ya fremu, na uikague asubuhi na jioni. Kama huna fremu, funika tunda moja moja. Mfuko wa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, siyo wa plastiki, maana tunda litatoka jasho lioze. Na ya juu kabisa usiyafunike, waachie wenyewe.

Kitambaa tulikuwa nacho. Fundi alikuwa na masalia ya shela za maharusi, ile neti laini nyeupe ambayo hata mbu hapiti. Akachagua tawi moja la chini lenye mapera kumi na mawili, mabichi bado, ukubwa wa yai. Akakata vipande kumi na viwili. Hakuwa na muda wa kuvipitisha cherehani, oda za sare zilikuwa zimemfika kooni, kwa hiyo alivizungushia kila tunda pale pale mtini na kuvishikiza kwa mkono, mishono mirefu ya haraka haraka. Uzi nilimpa mimi. Alichukua mwekundu.

"Nitauona kirahisi siku ya kuchuma," akasema. "Navuta tu, mfuko unafunguka."

Tulipomaliza ule mti ulikuwa umependeza kwa namna ya ajabu, tawi zima limevaa shela. Bi Mkasi aliutazama muda mrefu.

"Harusi ya nani?" akauliza.

"Ya mapera, Mama."

Akacheka. Fundi pia akacheka, na nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mwezi ule.

Siku ya tatu mifuko miwili haikuwepo. Siku ya tano minne zaidi. Mapera yake yalikuwa yamedonolewa, mengine yako chini, yana sisimizi. Fundi alikuja dukani kwangu, na nikaona mtu aliyechoka mpaka hana nguvu ya kukasirika.

"Wamejifunza kufungua," akasema.

"Nani?"

"Wakaguzi wako."

Nilimwambia ndege hafungui mshono. Labda ni upepo, nikasema, labda paka. Akaniuliza ni paka gani anayeondoka na kitambaa, kwa kuwa chini ya mti hapakuwa na hata kipande. Akaanza kuwashuku watoto wa nyumba ya nyuma. Akaenda kuzungumza na mama yao, wakakosana, akarudi akiwa na deni la kuomba radhi. Akarudia kufunika tunda moja lililokuwa limepona, kwa uzi ule ule. Usiku halali kwa ajili ya mama, mchana anatega sikio kwa ajili ya mapera, na cherehani inasimama katikati ya mshono. Wiki mbili zikabaki. Siku kumi. Kwenye tawi yakabaki mapera matatu.

Mchana mmoja nilikwenda uani kumpelekea Fundi bobini za cherehani alizoagiza. Ndani cherehani ilikuwa inakimbia, marinda. Bi Mkasi, ambaye saa hiyo sote tuliamini amelala kitini, alikuwa amesimama mbele ya tawi. Miwani iko puani. Kwa mkono wa kushoto ameshika mfuko mmoja, taratibu kabisa, na mkono wa kulia unatembeza mkasi chini ya uzi mwekundu, unakata, unavuta, unakata, unavuta. Uzi ukatoka mzima. Akauviringa kidoleni. Kitambaa kikamwangukia mkononi, akakinyoosha kwenye paja na kukikunja mara nne.

Sikumwita Fundi. Yeye mwenyewe alitokea mlangoni, sijui kwa nini, labda kwa kuwa nilikuwa nimesimama kimya mno. Alimwona mama yake akifunua mto wa kiti na kukiweka kile kitambaa chini yake. Akaenda, akaunyanyua mto. Vilikuwepo vyote, vipande kumi na kimoja vya shela vimekunjwa sawasawa, pembe kwa pembe, na juu yake mafundo madogo ya uzi mwekundu.

Nimemjua Fundi miaka yote hiyo, na sijawahi kumsikia akipaza sauti kwa mama yake. Siku hiyo alipaza.

"Mama, unaniua. Unajua unaniua?"

Bi Mkasi hakushtuka. Alimtazama juu ya miwani, kama alivyokuwa akitutazama sote zamani. "Hii ni bandi," akasema. "Bandi haitoki nje ya mlango. Nani amekufundisha kazi?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe, Mama."

Akafikiri. "Basi nilikufundisha vibaya," akasema, na kwa jinsi alivyolisema alikuwa anamwonea huruma mteja yule.

Fundi aliketi chini, pale pale kwenye vumbi na mapera yaliyooza. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kisha nikaona ni vyote viwili. Mtu amesahau jina la mwanawe, amesahau kama mumewe alikufa, kila wiki anamuulizia, lakini uzi mwekundu haujamtoka. Tukamdhania ndege. Tukawadhania watoto wa watu. Na katika nyumba nzima yeye peke yake ndiye aliyekuwa anafanya kazi yake ipasavyo.

Niliona haya kwa niaba yetu sote, nikaziacha bobini dirishani na kuondoka.

Pera lile alilolifunua wakaguzi waliliwahi, yakabaki mawili. Jioni hiyo hiyo Fundi aliweka sare kando, jambo ambalo halijawahi kutokea wiki ya kufungua shule, akashona mifuko miwili. Safari hii kwa cherehani. Uzi mweupe, mshono mdogo mdogo, kingo zimepinduliwa ndani zisichanike, na juu pindo lenye kamba ya kuvuta. Niliisikia cherehani kupitia ukuta. Ilienda taratibu sana na haikusimama hata mara moja.

Kabla hajaifunga kwenye mti aliipeleka kwa mama yake, kama zamani. Akaipokea, akaigeuza nje ndani, akatafuta uzi mwekundu, hakuuona. Akamrudishia. "Peleka," akasema. Hiyo mifuko hakuigusa tena.

Pera moja lilidondoka lenyewe, ni mambo ya mti. Lililobaki tulilitazama kupitia shela kila asubuhi, likitoka kwenye kijani, likienda kwenye njano. Wakaguzi walikuja, wakalizunguka, wakauparamia mfuko, wakaona hauliki, wakapanda juu kabisa kwenye fungu lao. Fundi akawa anakuja dukani kuniambia tu, "Bado," na kurudi. Nami nilikuwa nahesabu siku kwa kidole chini ya meza, ingawa pera halikuwa langu wala mama hakuwa wangu.

Dada yake alifika siku iliyopangwa, na gari la kukodi kutoka stendi. Ni mwanamke mkubwa, mpole, asiyepoteza muda. Alikuwa ameshafunga mizigo kabla ya chai kupoa. Alimkumbatia mdogo wake, akamshika kidole kilichoshonwa, akakitazama. Bi Mkasi alivalishwa gauni lake la kijivu, akawekwa kitini kwa mara ya mwisho, dereva akingoja nje.

Fundi alikwenda mtini. Hakufungua mfuko. Alikata kikonyo juu ya kamba, akampelekea mama yake mapajani, mfuko na pera ndani yake.

"Mzigo wako, Mama."

Niliwaza atalinusa pera. Hakulinusa, hata hakulitazama. Aliushika mfuko. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono kutoka chini mpaka juu, polepole, kisha akavuta kamba, akalitoa pera na kulipakata, akaugeuza mfuko ndani nje na kuusogeza karibu na macho. Dereva alipiga honi. Dada akainua mkono kumwambia angoje.

"Nani kashona?" Bi Mkasi akauliza.

Fundi alimwinamia. "Fundi mmoja," akasema.

"Ana mkono mzuri." Akaendelea kupapasa. "Ana mkono mzuri sana. Ila amechoka. Ona hapa, mshono umeyumba. Na hapa." Akamwinulia mfuko ili naye aone. "Huyu hajalala siku nyingi. Ukirudi kwake mwambie apumzike. Mwambie mimi nimesema kazi imekubalika, apumzike sasa."

"Nitamwambia."

"Usisahau."

"Sitasahau, Mama."

Ndipo alipolinusa pera. "Hili ni langu," akasema, na akaling'ata. Alikula taratibu, ganda na mbegu, mpaka mwisho, sisi watatu tumesimama kama watu waliokuja kuchukua nguo na kuambiwa wangoje kidogo. Alipomaliza akajifuta mdomo kwa ule mfuko, akaukunja mara nne na kuutia kifuani. Akainuka, akampa Fundi mkono. "Ahsante, mteja," akasema. Akaenda garini akishikwa na binti yake.

Gari liliondoka. Fundi alisimama barazani hata baada ya vumbi kutulia, futi shingoni, kisha akaingia ndani bila kunitazama. Nilirudi dukani. Nikatega sikio ukutani, kwa mazoea. Kimya. Saa nzima ikapita, cherehani haijalia, nikaingiwa na wasiwasi, nikazunguka kwa nyuma.

Alikuwa kwenye kiti cha mama yake chini ya mpera, miguu ameinyoosha, kichwa kimeegemea shina, mdomo wazi. Amelala usingizi mzito. Futi alikuwa ameivua na kuitundika kwenye tawi. Juu yake wakaguzi walikuwa kazini kwenye fungu lao, wakidonoa na kumwangushia vipande begani, na yeye hana habari. Nilifikiria kuwafukuza, nikaacha.

Nilipokuwa naurudisha mlango wa uani, mama mmoja alifika mbele na kitambaa cha sare kwapani, ana haraka, anamtaka Fundi.

"Amepumzika," nikamwambia. "Njoo kesho."

"Apumzike mchana huu, wiki hii ya shule? Ameambiwa na nani?"

"Na aliyemfundisha kazi," nikasema, nikampokea kile kitambaa.